Jina Lililoota Mkia

4 Februari

Dada,

Najua utaisoma hii umevua viatu, miguu juu ya kiti, kwa hiyo sitakuharakisha. Leo nina habari njema na sina mtu wa kumwambia. Wenzangu walipotoka kazini kila mmoja alishika njia yake kwenda kwa watu wake. Mimi nikanunua kipande cha keki duka la hapa chini, nikakila nimesimama jikoni kama mwizi.

Unakumbuka nilivyokuwa nikilalamika kuhusu bodi za zamani, vile vibao vya kompyuta vilivyomo ndani ya vitanda vyenu vya joto? Kumbukumbu yake ni finyu mno, na programu yetu inayowatunzia joto watoto njiti imenenepa mwaka hadi mwaka. Mkurugenzi alishaanza kusema kwamba hospitali zenye vitanda vya zamani zitajijua zenyewe. Nikamwomba anipe nafasi nijaribu kitu. Kwa kawaida kompaila, yaani ile programu inayogeuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine, hushughulikia faili moja moja, kisha mafaili yanaunganishwa mwishoni. Kuna njia ya kuiambia isubiri, iyaone mafaili yote kwa pamoja pale pale kwenye kuunganisha. Ikiyaona yote, inajua kipi hakitumiki na kipi kinajirudia. Inakata, inabana, inapanga upya. Dada, programu imepungua karibu robo! Imeingia kwenye bodi zenu na nafasi imebaki. Majaribio yote yamepita. Mkurugenzi alinipigia makofi mbele ya watu, na Mwenye Miwani, jirani yangu wa meza, siku hizi ananiita fundi cherehani.

Kwa hiyo vitanda vya wodi yako haviendi jalalani. Hilo ndilo nililotaka ulijue kabla ya mtu mwingine.

Endelea kuniandikia kwenye anwani hii ya kazini. Ya nyumbani naifungua nikikumbuka, na nyumbani kwenyewe naenda kulala tu. Simu imetushinda, wewe ukitoka zamu mimi ndiyo naingia kazini. Lakini nazipenda barua zako. Nikizisoma naisikia ile sauti yako ya kuchoka huku hutaki mtu ajue.

Mdogo wako,
Msumari

*

12 Februari

Msumari wangu,

Hongera sana, mwanaume. Ila keki hailiwi umesimama. Mara nyingine kaa chini, weka sahani, jifanye umemwalika mtu wa maana.

Programu yako imefika. Fundi wa hospitali alikuja na kikompyuta chake, akapita kitanda hadi kitanda akipiga mluzi, Metroni akamfukuzia mluzi wake nje. Kwa macho yetu hakuna kilichobadilika, namba ni zile zile, taa ya kijani ni ile ile. Nikawaambia wenzangu, "Hii ni kazi ya mdogo wangu," wakaniambia nimeshawaambia. Kumbe nilishawaambia mara kadhaa.

Wodi imejaa. Kitanda cha dirishani kuna kijana mdogo hata hajapewa jina, mama yake anaogopa kumpa. Sisi tunamwita mama huyo Mama Dirishani. Kila nikipita ananiuliza, "Ameongezeka?" Namwambia ameongezeka. Siku ambayo hajaongezeka namwambia amelala vizuri.

Nyumbani ni kimya. Tangu mama aondoke nimehamishia redio chumbani kwangu, maana sebuleni ilikuwa inaongea na viti. Usinihurumie, nakueleza tu nilivyopanga nyumba. Likizo yako ya mwezi wa tatu bado ipo? Chumba chako kidogo nimekitoa maboksi.

Dada yako

*

6 Machi

Dada,

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Ya kwanza nilisema labda zamu. Ya pili nikasema labda mtandao. Sasa nimeanza kujijibu mwenyewe, na majibu yangu si mazuri.

Ni likizo, sivyo? Nilipokwambia imesogezwa tena nilijua itakuuma, ndiyo maana niliandika kwa kifupi vile, kama mtu anayetupa jiwe na kukimbia. Umetoa maboksi chumbani, na mimi nakuletea habari za toleo jipya na ratiba. Una haki ya kununa. Ila nuna kwa maandishi, tafadhali. Ukinyamaza, nabaki na kelele za friji ya jirani.

Huku hakuna jipya. Mvua. Mwenye Miwani ameacha kazi, amepata pengine penye mshahara mzuri. Alinikabidhi kazi zake asubuhi moja, akanishika bega, akaenda. Meza yake ipo wazi pembeni yangu na nimeanza kuweka koti langu pale ili paonekane pana mtu.

Niandikie hata mstari mmoja.

Msumari

*

9 Machi

Msumari,

Sijanuna. Nani anune kwa ajili ya likizo? Kazi zimenizidi, na mgongo nao umeamua kunikumbusha umri. Nisamehe kwa kukutia wasiwasi.

Kuna jambo nataka kukuuliza, kwa kutaka kujua tu. Hivi inawezekana kitanda kikaonyesha taa ya kijani, namba ya joto la mtoto ni nzuri kabisa, kengele kimya, kumbe mtoto mwenyewe amepoa? Namaanisha kupoa hasa, ukimshika mguu unashtuka. Kuna mwenzangu mmoja anabishana na watu hapa. Yeye anasema namba ilikuwa nzuri na kipimo alikibandika sawasawa kwenye ngozi. Wao wanasema mashine haiwezi kudanganya, kwa hiyo aliyedanganya ni yeye.

Mimi nikasema ngoja nimuulize anayeijua mashine. Usihangaike sana. Ukipata nafasi.

Dada yako

*

14 Machi

Dada,

Isome hii yote kabla hujainuka.

Mwenzako hakudanganya. Mashine ndiyo iliyodanganya, na nimeuona uongo wenyewe kwa macho yangu.

Nitakueleza taratibu. Programu yetu imegawanywa vipande vidogo, kila kipande na kazi yake na jina lake. Tunaviita fanksheni. Kuna fanksheni inayosoma joto la ngozi ya mtoto. Iliandikwa miaka mingi iliyopita katika faili la ngozi, na aliyeiandika aliiita soma_joto. Kuna nyingine inayosoma joto la hewa ndani ya kitanda. Hiyo iliandikwa na mtu mwingine, katika faili la hewa, naye akaiita soma_joto. Haikuwa na tatizo. Ni kama madarasa mawili ya shule, kila darasa lina mtoto wa jina moja, na kila mwalimu anamjua wa kwake.

Mimi nikavunja ukuta. Nilipoiambia kompaila iyaone mafaili yote kwa pamoja, madarasa yakawa ukumbi mmoja. Ikawakuta wawili wa jina moja, ikafanya inachofanya siku zote: ikawaongezea mikia. Mmoja akawa soma_joto nukta kitu fulani sifuri, mwenzake nukta kitu fulani moja. Kwa kompaila hiyo ni kawaida. Kazi inafanyika sawasawa, joto linasomwa.

Lakini tuna mlinzi. Ndani ya kitanda kuna programu nyingine ndogo inayowachungulia hao wawili. Waya wa kipimo ukichoka, namba inaganda pale pale ilipokuwa mara ya mwisho, na mlinzi akiona namba imeganda anapiga kengele. Mlinzi huwapata kwa majina. Baada ya badiliko langu akatafuta soma_joto na hakuipata, ikabidi Mwenye Miwani amrekebishe. Alimwambia mlinzi: ukiona jina lina nukta, kata mkia, kinacholingana cha kwanza ndicho chenyewe. Majaribio yakapita, maana mlinzi alisema amewapata wote wawili. Kumbe amempata mmoja mara mbili. Amesimama mlangoni kwa hewa, na tena mlangoni kwa hewa. Ngozi haina mlinzi.

Sikumtazama Mwenye Miwani akiandika hilo, lakini nililipitisha. Jina langu lipo pale chini.

Waya wa kipimo ukilegea leo, namba itaganda kwenye joto zuri, kitanda kitaamini mtoto ana joto, hakitaongeza, na mtoto atapoa taratibu chini ya taa ya kijani.

Nimempelekea Mkurugenzi. Amesema rekebisho litoke pamoja na toleo la mwezi ujao, na kwamba tusizue taharuki. Mimi sitasubiri mwezi ujao kukwambia wewe. Waambie wenzako wa wodi leo: wasiiamini taa. Waingize mkono. Washike mgongo na miguu, kila mara. Wewe uko pale, wewe wanakusikiliza. Nikikufikiria upo mlangoni mwa wodi ile napata usingizi kidogo.

Na huyo mwenzako mwambie hakukosea.

Msumari

*

16 Machi

Msumari,

Siko wodini.

Nilipaswa kukwambia, nikaona aibu, halafu nikaona ukijua utafanya jambo la kukuponza kazini. Yule mwenzangu ni mimi. Ilitokea mwishoni mwa mwezi wa pili. Kitanda ni kile cha dirishani. Nilipita nikaona taa, nikaona namba, nikaandika nilichoona. Nilipoingiza mkono kumbadilisha nguo nilishika kitu kama chupa ya maji. Nikapiga kelele, daktari akaja, tukamweka kifuani kwa mama yake, tukamfunika, tukafanya yote. Aliishi. Walimhamishia hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Mama yake akiwa anapandishwa kwenye gari aligeuka, akaniuliza mbele ya watu wote, "Wewe ulikuwa unamwangalia nani?" Hakupandisha sauti hata kidogo.

Fundi alikikagua kitanda, akakikuta kizima. Ukishavuta waya na kuurudisha, namba inatembea tena. Kwa hiyo ikabaki kwamba sikubandika kipimo, au nilikiona kimebanduka nikajaza namba za kichwani. Metroni akaniondoa. Sasa nipo chumba cha mashuka. Nakunja, napanga, nasukuma kitoroli. Ni chumba kizuri, kina joto la pasi, hakina mtu.

Na Msumari, nikwambie ukweli. Kwa wiki nzima na zaidi nilikuwa nimeanza kuamini kwamba sikukibandika. Unaweza kuambiwa kitu mpaka mikono yako mwenyewe ikakikumbuka.

Barua yako niliipeleka kwa Metroni jana. Aliisoma hadi mwisho, akavua miwani. "Barua ya mdogo wako," akasema. "Hata mimi ningekuwa na mdogo, angeniandikia." Akanirudishia.

Basi ninafanya hivi. Napeleka mashuka wodini mara nyingi kuliko yanavyohitajika. Nikiingia nayaweka pembeni, napitisha mkono kwenye vile vidirisha vya pembeni vya kuingizia mkono, kitanda hadi kitanda, natoka. Wenzangu wananiona na wanageuza shingo. Sina ruhusa ya kumgusa mtoto yeyote pale. Nikikamatwa, hata mashuka sitayakunja tena.

Kama kuna karatasi yenye muhuri, itume. Mimi hapa sina mdomo.

Dada yako

*

17 Machi

Dada,

Nilikuwa nakutegemea mlangoni mwa wodi, kumbe nilimtegemea mtu aliyeshafukuzwa mlangoni, na kisa ni mimi. Nitaandika nilichofanya.

Nilirudi kwa Mkurugenzi na barua yako, bila kutaja ni ya nani. Nikamwambia kuna mtoto aliyepoa. Akauliza, "Amekufa?" Nikasema hapana. Akasema basi tuna muda, mwanasheria anapitia maneno. Nikamuuliza maneno gani, ni sentensi moja tu. Akaniambia nikae. Sikukaa.

Nimeandika taarifa kwa jina langu, nimeituma kwa kila hospitali iliyoweka toleo lile. Sikuhitaji muhuri. Nimewapa kitu ambacho mtu yeyote anaweza kujionea: chukua kitanda kisicho na mtoto, kiwashe, bandika kipimo mkononi mwako, kisha legeza waya wake nusu, usiutoe. Kaa usubiri. Kengele inatakiwa kulia. Isipolia, kitanda hicho hakina mlinzi. Chini nimeeleza namna ya kurudisha toleo la zamani kwa muda, na kwamba tusiposhughulikia yale majina mawili, kila fanksheni ipewe la kwake na mlinzi akatae kuwaka akikuta mawili yanayofanana, hakuna rekebisho la maana.

Ya Metroni wako nimeituma peke yake. Sikukutaja.

Usiache kupitisha mkono.

Msumari

*

22 Machi

Kwa Mhandisi,

Nimepokea taarifa yako. Tumefanya jaribio uliloelekeza, nikiwa nimesimama mwenyewe na saa yangu. Kengele haikulia kitanda cha kwanza. Haikulia cha pili. Sikuona sababu ya kuendelea kuhesabu. Fundi amerudisha programu ya zamani, na jaribio limerudiwa: sasa zinalia, na zinatuudhi sote.

Ninaandika pia kuhusu dada yako, ambaye hukumtaja. Sura mnafanana hata kwenye maandishi.

Siku moja kabla ya taarifa yako kufika nilimkuta wodini ameingiza mkono kitanda cha katikati. Nilikuwa nimeshaonywa kwamba anafanya hivyo. Nilimwambia aondoke. Hakuondoka. Nikamwambia mara ya pili, akaniambia, "Metroni, niadhibu baadaye, kwanza mshike huyu." Taa ilikuwa ya kijani. Nikamshika. Nina miaka mingi katika kazi hii na sikuwa nimemshika mtoto kwa muda mrefu, siku hizi nashika mafaili. Alikuwa wa baridi. Ni mzima sasa, ananyonya.

Nimemrudisha dada yako wodini. Kuomba radhi si kipaji changu, hivyo nimempangia zamu za asubuhi, ambazo kila mtu anazigombania. Natumaini ataelewa.

Metroni

*

3 Aprili

Dada,

Niandikie kwenye anwani hii ya nyumbani kuanzia sasa. Ile ya ofisini ina matatizo ya kiufundi. Hata hivyo siku hizi nina muda wa kutosha, naifungua asubuhi na jioni. Nimejifunza pia kupika wali bila kuuunguza, basi usinione hivi.

Nimefurahi kwa zamu za asubuhi. Nimecheka mwenyewe humu ndani nilipoisoma barua ya Metroni wako, halafu nikaona nimeacha kucheka.

Majibu ya hospitali yanaendelea kuja kwenye anwani hii, ndiyo niliyoiweka kwenye taarifa. Mengi ni mafupi, "tumepokea, asante." Wengine wana hasira na wana haki. Jana limekuja moja ambalo siwezi kuliweka mahali. Ni hospitali ndogo, mbali na kwenu na mbali na huku. Limeandikwa na daktari. Anasema, "Tulikuwa naye mmoja, mwezi wa pili. Hakufika asubuhi. Tulidhani ni kosa la muuguzi wetu, na yeye mwenyewe alikubali kwamba ni kosa lake. Ameacha kazi."

Basi, hayo tu. Nimelisoma mpaka nimelikariri. Nilikuwa nakula keki, dada. Mwezi wa pili mimi nilikuwa nakula keki.

Sikuandikii ili unipoze. Sina mwingine wa kumwambia.

Msumari

*

8 Aprili

Msumari,

Niliandika kwenye anwani ya ofisini kabla sijaona hii yako. Barua imerudi. Imeandikwa hakuna mtumiaji wa jina hilo. Kwa hiyo wamekufukuza, na wewe unaniambia matatizo ya kiufundi. Nisikukaripie, mimi nilikuficha chumba kizima cha mashuka. Tumelelewa na mama mmoja.

Sitakwambia hukukosea, utaona nakupaka mafuta. Nitakwambia kilichonipata mimi wiki hii.

Jana ilikuwa siku ya kliniki. Nilikuwa kwenye kaunta ya mizani. Foleni ndefu, watoto wanalia, na kwenye benchi la mwisho nikamwona Mama Dirishani. Amenenepa uso. Mtoto amemfunga kwa kitambaa cha njano. Nikataka kuingia stoo. Metroni akanishika mkono, akanivuta hadi kwenye benchi, akamweleza yote palepale, kwa lugha yake ile kama anasoma tangazo: waya, programu, kengele, na kwamba muuguzi huyu hakufanya kosa lolote. Benchi zima likasikia. Nilikuwa natazama viatu vyangu.

Mama Dirishani hakusema samahani. Alifungua kitambaa, akanipa mtoto. "Mshike," akasema, "niende chooni."

Akaenda. Nikabaki nimesimama na huyo kijana. Mzito, Msumari! Ananuka maziwa, ananivuta kola. Ana jina sasa, limeandikwa kwenye kadi yake. Mama yake alikawia sana kurudi, na choo chetu kiko hapo hapo.

Sasa nisikilize. Huko kwa daktari wako kuna muuguzi ameacha kazi. Amekubali kwamba ni kosa lake. Mimi najua alivyokubali, kwa sababu nilibakisha kidogo tu na mimi nikubali. Kukukumbusha: kabla ya barua yako, hakuna binadamu aliyeniambia sikukosea, na mimi nilikuwa na mtoto aliye hai. Yeye hana. Sidhani kama daktari amemtafuta. Watu wakishakosea hivyo huona ni bora yaishe.

Mwandikie. Usimwombe akusamehe, hiyo ni kazi nyingine utamtwisha. Mwambie kilichotokea.

Chumba kidogo kipo. Nimefua pazia. Njoo ukae mpaka uchoke.

Dada yako

*

11 Aprili

Kwa Muuguzi,

Hunijui. Anwani yako nimepewa na daktari wa hospitali ulikokuwa ukifanya kazi, baada ya kumsumbua. Mimi ndiye niliyeiunganisha programu iliyokuwa ndani ya kile kitanda cha joto, mwezi wa pili.

Nitaandika kwa kifupi, ili usilazimike kusoma mara mbili kama hutaki.

Namba uliyoiona usiku ule haikuwa joto la mtoto. Ilikuwa imeganda. Waya wa kipimo ulilegea kwa ndani, mahali ambapo jicho halioni, na kengele iliyopaswa kulia haikulia kwa sababu programu ya ulinzi ilikuwa inaangalia kitu kingine chenye jina linalofanana. Majina yale yalibadilishwa na hatua niliyoiongeza mimi. Hukuweza kujua. Kitanda chenyewe hakikujua. Fundi angekikagua asubuhi angekikuta kizima, na nadhani ndivyo ilivyokuwa.

Nimeambiwa ulikubali kwamba hukukibandika kipimo. Nina dada ambaye ni muuguzi wa watoto njiti, naye alipoambiwa hivyo kwa muda alianza kuikumbuka mikono yake vibaya. Ndiyo maana nakuandikia. Ulikibandika. Kingekuwa kimebanduka, namba ingeshuka mbele ya macho yako. Namba haikushuka, na imebaki kwenye kumbukumbu za kile kitanda. Nimeziomba, nimezisoma, nimeziambatisha hapa chini. Nakala ya pili nimempelekea daktari, na nimemwomba aisome mbele ya wenzako wote, kwa sauti.

Kipimo kilikuwa kwenye ngozi ya mtoto mpaka mwisho. Wewe ndiye uliyekiweka pale, na kilikaa.

Mhandisi